FEZA YA NYUMBA: Jina la mutoto wako katika buku ya madeni kule Marekani



Mwezi huu tunaacha kidogo bei ya unga na mambo ya likelemba, tunavuka bahari. Siku hizi, katika kartye za Likasi, za Kambove, za Lubumbashi, haukose nyumba yenye mutoto kule Marekani. Wamoja walishinda loto ya viza. Wengine walipita njia ndefu ya ukimbizi, wakakaa miaka katika kambi za Zambia kama vile Meheba, kisha wakapokelewa kule. Na kuko neno moja ambalo wazazi wanasikia ku telefone na ambalo halipendeze masikio: «Mama, mwezi huu siwezi kutuma kitu. Nikichelewa kulipa motokari, poenti zangu zitaanguka.» Mama anaweka telefone chini, anamuambia jirani: «Mutoto yangu amekwisha kuwa muzungu. Poenti gani tena? Angali ku masomo?»

Musikasirike mbio. Pengine mutoto anadanganya. Hata mutu wa mbali anajua kudanganya. Lakini zile poenti ziko kweli, na muzazi asipojua namna zinafanya kazi, anaweza kumuomba mutoto wake kitu ambacho kitamurudisha nyuma kwa miaka 7. Tunasema 7, na mutaona sababu yake.

Kwetu hapa, deni linakaa wapi? Linakaa katika kaye ya mwenye butiki. Linakaa kwa yule wa «banque Lambert» ambaye anakukopesha leo na mwisho wa mwezi anataka faida yenye kuuma. Zaidi sana linakaa katika kichwa cha jirani, juu kartye yote inajua nani analipa na nani anapita njia ya nyuma. Lakini ukihama toka Kolwezi ukaenda Kalemie, kaye ile haikufuate. Banki ni habari ingine: zinapeleka habari za kredi ku Banque Centrale, fasi inaitwa «centrale des risques», ili banki moja isimukopeshe mutu aliyekwisha kulemewa ku banki ingine. Sasa, wengi wetu hatujakamata kredi ya banki hata siku moja. Basi hatuijue buku hiyo, nayo haitujue.

Kule Marekani mambo yalianza sawa vile kwetu, na kaye ya butiki. Mwaka wa 1899, katika muji wa Atlanta, ndugu wawili, Cator Woolford na Guy Woolford, walianzisha biro yenye kuitwa Retail Credit Company. Kazi yao ilikuwa kupita kwa wenye butiki na kuuliza: nani analipa mbio, nani anachelewa, nani usimupe kitu bila feza mukononi? Wakaandika majina katika buku, wakauzisha buku kwa wafanya-biashara. Kazi ikakua. Nyuma biro ikatuma watu wa kuuliza hata majirani: yule bwana anakunywa pombe? Anaishi namna gani na bibi yake? Mutu alinyimwa kazi ao asiransi bila kujua sababu, kumbe ni masemi ya jirani yaliyoandikwa katika karatasi ambayo yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuona. Sisi wa makambi ya kazi tunajua ubaya wa masemi. Fikirini sasa masemi yenye kupigwa mashini na kuuzishwa.

Watu wakalalamika mpaka ku Bunge, na katika mwaka wa 1970 sheria ikatoka, inaitwa Fair Credit Reporting Act. Inasema mutu ana haki ya kujua kile kilichoandikwa juu yake, na haki ya kukikatala kama si kweli. Ile biro ya Atlanta ilibadili jina katika 1975. Leo inaitwa Equifax. Pamoja na Experian na TransUnion, hizo tatu njo zinashika buku ya madeni ya inchi yote. Si biro za serikali. Ni kompani za biashara, na bidhaa yao ni habari za watu.

Poenti zenyewe zilikuja nyuma. Kompani Fair Isaac ilitoa katika 1989 hesabu yenye kuitwa FICO: inasoma buku ya mutu na kumupa namba kati ya 300 na 850. Ni sawa buletini ya masomo, ila hapa hakuna likizo. Kompani yenyewe inasema namna inagawanya: 35 juu ya 100 zinatoka ku kulipa kwa wakati, 30 zinatoka ku ukubwa wa deni, zaidi sana kama karte ya kredi iko karibu kujaa, 15 zinatoka ku muda ambao mutu amekuwa akikopa na kulipa. Zenye kubaki ni madeni mapya na aina za madeni, 10 na 10.

Sasa muangalie kile ambacho hakimo. Mushahara haumo. Mutu wa mushahara mukubwa anaweza kuwa na poenti za haya, na mwanamuke mwenye kufagia hospitali akawa na 780. Diploma haimo. Kodi ya nyumba mara nyingi haimo, ila mwenye nyumba aipeleke mwenyewe ku biro. Na feza ambayo mutoto anatuma Likasi kila mwezi, hata akituma miaka 10 bila kukosa, haimo. Hakuna biro yenye kuhesabu wema huo.

Tena, mutu aliyefanya miaka 20 ku Gécamines, matricule yake safi, hana deni ku butiki hata moja, akifika kule ni karatasi nyeupe. Si mubaya, si muzuri: hajulikane. Na asiyejulikana anaombwa garanti fasi zote, ku nyumba ya kupanga, ku umeme, ku telefone. Njo maana vijana wanakubali madeni madogo ambayo wewe unaona hayana maana. Kuko karte moja yenye kutolewa na banki: mutu anaweka kwanza feza yake mwenyewe kama garanti, tuseme dola 200, kisha banki inamupa karte ya dola zile zile. Wewe unasema: juu ya nini kukopa feza yako mwenyewe? Juu kila mwezi akilipa, jina lake linaandikwa katika buku, na nyuma ya miezi fulani karatasi haiko nyeupe tena. Ila asitumie karte mpaka kujaa. Washauri wengi wa kule wanasema asipite karibu 30 juu ya 100.

Wale waliopita njia ya ukimbizi, mbele ya serikali ya Marekani kusimamisha mupango ule katika Januari 2025, wako na deni la kwanza hata mbele ya kufika: tiketi ya ndege. Shirika la kimataifa la uhamiaji liliwakopesha bei ya safari bila faida, na mashirika yaliyowapokea, mengine ni ya makanisa, yanakusanya feza ile kidogo kidogo. Wengi wanafikiri ni zawadi. Si zawadi, na malipo yake yanaweza kupelekwa ku zile biro. Mwenye kulipa vizuri anajenga jina, na mwenye kuacha anaanza maisha mapya na alama mubaya.

Turudi ku motokari ya yule mutoto. Tuseme vijana wawili wananunua kila mumoja motokari ya dola 12.000, ya kulipa kwa miaka 5. Wa kwanza iko na poenti za muzuri, wanamukata faida ya 7 juu ya 100 kwa mwaka. Analipa karibu dola 238 kwa mwezi. Wa pili poenti zake ziko chini, wanamukata 18 juu ya 100. Analipa karibu dola 305. Motokari ni ile ile, barabara ni ile ile. Tofauti ni dola 67 kila mwezi, na kwa miaka 5 inapita dola 4.000. Mama wa Likasi, dola 67 hizo njo zile ulikuwa unangoja.

Hapa tunafika fasi ambayo watu wetu wanaumia zaidi kuliko wengine, na si juu hawalipi. Ni juu ya majina. Tangu 1972, wakati Mobutu alikatalisha majina ya kizungu, sisi tunaandika jina, kisha postnom, na leo tunaongeza tena jina la ubatizo. Karatasi za Marekani zinataka jina la kwanza, la katikati na la mwisho. Tuchukue mufano wa kutunga: Ilunga Mwamba Joseph. Ku banki wanamuandika Joseph Ilunga. Ku motokari wanamuandika Ilunga Mwamba. Ku hospitali, Joseph Mwamba. Ni mutu mumoja, lakini buku inaweza kuona watu wawili ao watatu, na mazuri yote anayolipa fasi moja hayamusaidie fasi ingine. Kisha kuko kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: watu wawili kuwekwa katika karatasi moja. Akina Ilunga na akina Kalonji wako wengi katika muji mumoja wa Texas. Na wakimbizi wengi ambao hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa waliandikiwa wote siku moja, tarehe 1 Januari. Jina moja, siku moja ya kuzaliwa: mashini inachanganya, na deni la yule linamuangukia huyu. Baba na mutoto wenye jina moja chini ya dari moja, vile vile.

Basi mutoto wako asome buku yake. Watu wanaogopa kuisoma, wanasema ukiitazama poenti zinaanguka. Ni uongo. Muenye kukopesha akiitazama juu umeomba kredi, inaweza kupunguza kidogo. Wewe mwenyewe ukiitazama, hakuna kinachopungua hata siku moja. Na ni bure. Sheria ya 2003 iliamuru kila biro imupe mutu ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Tangu wakati wa Korona, katika 2020, zikaanza kuitoa bure kila juma, na katika 2023 biro zenyewe zikasema itabaki hivyo. Fasi yenyewe ku intaneti inaitwa AnnualCreditReport.com, moja tu kwa biro zote tatu. Zingine zenye majina ya kufanana ni za kuuzisha vitu. Asome zote tatu, kwa sababu kile kiko ku Experian pengine hakiko ku Equifax. Ile ripoti haionyeshe poenti kwa kawaida, inaonyesha madeni, na madeni njo yanazaa poenti.

Makosa si machache. Katika 2013 biro ya serikali yenye kulinda wanunuzi, Federal Trade Commission, ilitoa uchunguzi: mutu 1 katika watu 5 alikuwa na kosa ambalo lilisahihishwa nyuma ya kulalamika, katika moja ya ripoti zake tatu. Wale wamezaliwa kule, wenye majina ya kueleweka! Mutoto akikuta deni ambalo si lake, anaiandikia biro, anaeleza, anatia kopi za karatasi zake. Asitume za kweli. Kwa kawaida biro iko na siku 30 za kuchunguza. Isipoweza kuhakikisha deni, inapaswa kulifuta. Hii haiombi avoka na haiombi feza. Kuko watu, na pengine ni ndugu zetu wa Kongo, wanaosema «leta dola 500, nitasafisha jina lako». Sheria ya 1996 inawakataza kukamata feza mbele ya kumaliza kazi. Na deni la kweli hakuna anayeweza kulisafisha: kuchelewa kulipa kunakaa katika buku miaka 7. Njo ile 7 tuliyosema mwanzo. Lakini sikieni vizuri: kwa kawaida kuchelewa kunaandikwa ku biro kukipita siku 30. Mwenye kuchelewa siku 10 atalipa amende, lakini angali na muda wa kuokoa jina. Muzazi anayesema «tuma kwanza huku, hiyo motokari itangoja» aulize kwanza ni siku ngapi.

Mama, kuko neno lako pia. Zamani banki nyingi za kule zilimuomba mwanamuke sahihi ya bwana yake ndipo zimukopeshe. Sheria ya 1974 ilikataza jambo hilo. Kila mutu ana buku yake. Bibi na bwana hawana poenti za pamoja. Binti yako ambaye vitu vyote vya nyumba viko kwa jina la bwana, akibaki peke yake kesho, kwa kifo ao kwa talaka, atakuwa karatasi nyeupe kama siku ya kwanza. Awe na hata karte moja ndogo kwa jina lake.

Na ndugu je? Hapa kwetu, kusaini kwa ajili ya ndugu ni kama kushuhudia: ninamujua, ni mutu wa muzuri. Kule, kusaini ni kukamata deni lenyewe. Ndugu asipolipa motokari, aliyesaini analipa, na alama mubaya inaandikwa kwa wote wawili. Tunajua ni vigumu kusema hapana wakati familia yote inapiga telefone toka Kolwezi kwa ajili ya binamu. Basi familia isipige telefone ile. Wamupe binamu mashauri ya kuanza na karte ya dola 200 kama wengine.

Vile vile na namba. Ile matricule ya Marekani, Social Security number, ina namba 9, na mwenye kuijua pamoja na jina na siku ya kuzaliwa anaweza kukopa kwa jina la mwenyewe. Mutoto asiisome ku telefone, asiiandike ku WhatsApp, asimuazime ndugu juu ya kutafuta kazi. Hata zile biro hazikulinda: katika 2017 Equifax ilitangaza kwamba wezi waliingia katika mashini zake na kuchukua habari za watu karibu milioni 147. Tangu 2018 mutu anaweza kufunga buku yake bure ku kila biro, ili asiyejulikana asifungue deni jipya, kisha anaifungua siku anapoomba kredi mwenyewe.

Wewe muzazi uko na kitu kimoja ambacho mutoto hana: karatasi za zamani. Acte ya kuzaliwa, buletini, karte ya ubatizo. Angalia majina yameandikwa kwa mupango gani, piga picha, umutumie, ili achague mupango mumoja na kuutumia fasi zote. Akipiga telefone, usimuulize poenti ngapi kama mwalimu. Muulize kama amesoma ripoti zake mwaka huu, na kama alikuta ndani jina asilolijua.

Na lile ambalo wazazi wanaogopa kuuliza. Mutoto akifa kule, madeni yake yanalipwa kwa vitu alivyoacha. Bibi ao bwana yake ni habari ingine, juu katika majimbo kama Texas mali ya ndoa ni ya pamoja. Lakini baba wa Kolwezi ambaye hakusaini kitu hana deni. Mutu akikupigia telefone na kusema ulipe madeni ya marehemu, muombe aandike barua, uipeleke kwa mutu anayesoma Kiingereza, na usitume hata dola moja mbele ya hapo.